Kumwanzisha Mwanafunzi wa Chuo Kikuu katika Kujifunza kwa Njia ya Mtandao

Utangulizi

Ndugu mwalimu mtarajiwa, huenda umesoma kichwa cha makala haya ukajiuliza: mimi naandaliwa kufundisha watoto wa shule ya msingi, mwanafunzi wa chuo kikuu ananihusu nini? Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kabla hatujaendelea.

Kwanza, katika vijiji vyetu mwalimu wa shule ya msingi ndiye mtu anayeendewa kila jambo la elimu linapotatiza. Katika kata ya Ndalambo, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi ya chuo kikuu hana profesa wa kumwendea. Humwendea mwalimu aliyemfundisha mtoto huyo kusoma na kuandika. Pili, wewe mwenyewe hutaukwepa mfumo wa namna hii. Taasisi ya Elimu Tanzania inao mfumo wa kujifunzia mtandaoni ambao walimu huutumia katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayojulikana kwa kifupi kuwa MEWAKA. Na wengi wenu mtapenda kujiendeleza hadi shahada mkiwa kazini. Tatu, kumwanzisha mtu katika jambo asilolijua ndiyo kazi yetu hasa, awe mtoto wa darasa la kwanza au kijana wa mwaka wa kwanza chuoni.

Likizo moja alinijia binti wa kijiji kimoja cha jirani, aliyekuwa akisoma mwaka wa kwanza. Alikuwa amepata sifuri katika kazi yake ya kwanza. Akaniambia, "Mwalimu, kazi niliifanya. Niliiweka mtandaoni siku mbili kabla ya mwisho. Wanasema hawakuiona." Nilimwomba anioneshe. Kweli kazi ilikuwamo, kurasa sita, imeandikwa vizuri. Lakini juu yake palikuwa na maneno madogo ya Kiingereza yaliyoeleza kwamba kazi hiyo ni rasimu na haijawasilishwa. Alikuwa amepakia faili, ila hakubofya kitufe cha mwisho cha kuiwasilisha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni mambo mawili.

Binti yule hakukosa akili wala bidii. Alikosa saa moja ya kuelekezwa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi saa hiyo moja inavyoweza kutolewa na mwalimu yeyote, hata kule ambako umeme ni wa kubahatisha na kompyuta hakuna.

Mfumo huu ni kitu gani?

Mfumo wa kujifunzia mtandaoni ni shule iliyowekwa ndani ya kompyuta kubwa, ambayo mwanafunzi huifikia kwa intaneti akiwa popote. Ukiifananisha na shule unayoijua, sehemu zake hazitakuwa ngeni. Kuna lango, ambapo mwanafunzi hutaja jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Kuna madarasa, yaani kozi alizosajiliwa. Ndani ya kila darasa kuna kabati la vitabu, ambamo mhadhiri huweka maandishi, picha na sauti. Kuna ubao wa matangazo. Kuna baraza la majadiliano, ambapo wanafunzi huulizana na kujibizana kwa maandishi. Kuna meza ya kukusanyia kazi, na kuna daftari la maksi.

Mfumo unaotumika sana duniani kwa kazi hii huitwa Moodle. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vyetu vinavyoutumia. Uliasisiwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Historia ya mtu huyo yatufaa sisi walimu wa vijijini, kwani alikulia jangwani, mbali na shule, na masomo yake ya utotoni aliyapata kwa njia ya redio. Aliyeubuni mfumo huu alikuwa yeye mwenyewe mwanafunzi wa mbali.

Jambo lenyewe si geni kwetu

Wapo wanaodhani kwamba kujifunza bila kukaa mbele ya mwalimu ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 nchini mwetu kwa njia ya redio. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, walimu wengi waliandaliwa wakiwa tayari kazini vijijini: walisoma masomo yaliyochapishwa, wakasikiliza vipindi vya redio, na wakufunzi wakawatembelea. Chuo Kikuu Huria nacho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994, kwa msingi huo huo wa kumfuata mwanafunzi alipo.

Tuangalie kwa makini jinsi kampeni ya Mtu ni Afya ilivyofanya kazi. Redio haikuachwa ifundishe peke yake. Watu walikaa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo mafupi. Palikuwa na kitabu mkononi. Na baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Yaani palikuwa na chombo, maandishi, kikundi na kiongozi. Leo tuna chombo chenye nguvu zaidi ya redio, lakini mara nyingi tumesahau yale mengine matatu. Tunampa kijana neno la siri, tunamwachia na simu yake, kisha tunashangaa anapopotea.

Hali ya Machi 2020 ilitukumbusha jambo hilo. Vyuo vikuu vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tena Juni mwaka huo, ilionekana wazi kwamba kuwa na mfumo ni jambo moja, na kuwa na wanafunzi wanaojua kuutumia ni jambo jingine.

Mambo yanayomkwamisha mwanafunzi mpya

Kabla ya kutibu, mganga hupima. Yafuatayo ndiyo mambo ambayo mimi nimeyakuta mara nyingi.

(a) Lango lisilo lake. Vijana wengi hujaziwa maombi ya chuo na ya mkopo katika steshenari za mjini, kwa mfano Tunduma. Mwenye duka, kwa kuharakisha kazi, hutumia anwani yake mwenyewe ya barua pepe, au hufungua anwani mpya na kubaki na neno la siri. Kijana huondoka na karatasi tu. Siku atakaposahau neno la siri, mfumo utatuma ujumbe wa kumsaidia kwa anwani ambayo yeye hawezi kuifungua. Wengine hutumia laini ya simu ya mjomba au ya rafiki, ambayo baadaye hufungwa au hupotea.

(b) Lugha. Mwanafunzi aweza kusoma kitabu cha Kiingereza na bado asielewe kitufe, kwa sababu kitufe hakina sentensi ya kukieleza. Neno moja lililosimama peke yake ni gumu kuliko aya nzima.

(c) Saa na tarehe. Hili halitajwi mara nyingi, nalo limewaponza wengi. Mfumo huandika saa kwa hesabu ya kizungu. Kijana akiona 11:59 usiku aweza kuwaza saa kumi na moja alfajiri, ilhali ni dakika moja kabla ya saa sita usiku. Mbaya zaidi ni mwisho unaoandikwa Ijumaa, 00:00. Mwanafunzi hudhani anayo Ijumaa yote. Kumbe mwisho ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Na kwa walio mpakani kuna mtego wa ziada. Simu iliyo Tunduma yaweza kunasa mnara wa Nakonde upande wa Zambia, ikajibadili na kuonesha saa ya Zambia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mwanafunzi huyo atadhani bado ana saa nzima, kumbe mlango umefungwa.

(d) Gharama. Bando likinunuliwa kwa shida, kila dakika ya kutafuta kitufe ni fedha inayoteketea. Hofu ya kumaliza bando humfanya mwanafunzi abofye kwa pupa au asifungue kabisa.

(e) Aibu. Huyu ndiye adui mkubwa. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwa miaka yote haoni vyema kukiri kwamba hajui kufungua ukurasa. Hunyamaza. Na kwa kuwa katika mtandao hakuna mwalimu anayetazama nyuso, ukimya wake haumshtui mtu.

Hatua za kumwanzisha

Mtaalamu mmoja Mwingereza, Gilly Salmon, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alieleza kwamba mwanafunzi wa mtandaoni hupanda ngazi tano: kuingia na kupata hamu, kuzoeana na wenzake, kupashana habari, kujenga maarifa kwa pamoja, na mwisho kujiendeleza mwenyewe. Jambo la kuzingatia ni kwamba haifai kumrukisha mtu ngazi. Mwanafunzi ambaye bado anapambana na lango hawezi kujadili nadharia za uchumi. Kwa mwalimu wa kijijini, ngazi mbili za mwanzo ndizo zinazomhusu zaidi, na kwa ajili hiyo napendekeza hatua tano.

Hatua ya kwanza: Funguo ziwe zake. Kabla ya kugusa masomo, hakikisha kijana ana anwani yake ya barua pepe, aliyoifungua kwa mkono wake, na laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Kama maombi yalijazwa kwa anwani ya mtu mwingine, aibadilishe mapema kwa kuwasiliana na chuo, akiwa na namba yake ya usajili. Neno la siri liwe refu na la kukumbukika kwake, wala lisiwe tarehe ya kuzaliwa. Mwalimu asiliulize, asiliandike, asilihifadhi. Geuza uso anapoliandika. Kitendo hicho peke yake ni somo.

Hatua ya pili: Chora kwanza, fungua baadaye. Kanuni ya kutoka lijulikanalo kwenda lisilojulikana inatumika hapa kama inavyotumika darasa la tatu. Chora ukurasa wa mfumo ubaoni au kwenye karatasi kubwa: lango, orodha ya kozi, kabati, baraza, meza ya kazi. Mwanafunzi aoneshe kwa kidole ataingilia wapi na atatokea wapi. Mchoro hauli bando. Hapo ndipo pia pa kutengeneza kamusi ndogo: upande mmoja maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye vitufe, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Hatua ya tatu: Simu ibaki mkononi mwake. Mwalimu mwenye haraka hunyakua simu, hubofya mara tano, na kusema, "Umeona? Rahisi." Mwanafunzi hakuona kitu. Mkono wa mwalimu ukae mgongoni. Sema, "Sasa tafuta palipoandikwa jina la kozi yako," kisha ungoje. Ngoja hata ukiumia. Akikosea, muulize ameona nini kabla ya kumwambia afanye nini.

Hatua ya nne: Afanye kazi moja ndogo hadi mwisho. Asitembezwe katika mfumo wote kama mtalii. Achague kazi moja yenye mwanzo na mwisho: apakue andiko moja, au ajitambulishe barazani kwa sentensi tatu. Kijana wa Momba anayewaeleza wenzake wa Pwani na wa Kigoma habari za kimondo cha Mbozi, jiwe lile kubwa la chuma lililotoka angani, mara moja huacha kuwa mgeni. Watamwuliza maswali, naye atajibu. Ngazi ya pili amekwisha kuipanda.

Hatua ya tano: Awe na utaratibu. Mfumo wa mtandaoni hauna kengele. Hivyo basi, mwanafunzi ajiwekee kengele yake: siku mbili au tatu kwa juma za kuingia, kusoma matangazo na kupakua masomo, hasa nyakati ambazo mtandao ni mwepesi. Moodle ina programu ya simu ambayo, pale chuo kiliporuhusu, humwezesha kupakua masomo na kuyasoma baadaye bila intaneti. Tarehe za mwisho azihamishie kwenye daftari, kwa saa za Kiswahili, pamoja na jina la siku kamili, na ajiwekee mwisho wake mwenyewe siku moja kabla ya ule wa chuo.

Mfano wa somo

Ili nadharia hii isielee hewani, natoa mfano wa somo nililowahi kulifundisha kwa vijana wanne chini ya mwembe.

Somo: Kuwasilisha kazi mtandaoni.

Muda: Dakika 80.

Shabaha: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (i) kutofautisha rasimu na kazi iliyowasilishwa, (ii) kuwasilisha faili moja, (iii) kuonesha ushahidi kwamba kazi imepokelewa.

Zana: Simu mbili, bahasha nne, karatasi, boksi moja, daftari.

Utangulizi (dakika 15): Kila mwanafunzi aandike sentensi mbili kwenye karatasi, aitie katika bahasha, na aiweke mbele yake. Mwalimu auliza: "Je, nimeipokea kazi yako?" Jibu ni hapana. Kisha kila mmoja atumbukize bahasha ndani ya boksi, na mwalimu ampe stakabadhi yenye saini na saa. Mwalimu aeleze: bahasha iliyo mezani ni rasimu, iliyo bokisini imewasilishwa, stakabadhi ni ushahidi.

Maendeleo (dakika 45): Wanafunzi wafanye kazi wawili wawili. Mmoja ashike simu, mwenzake asome mchoro na kumwelekeza, kisha wabadilishane. Wafungue ukurasa wa kazi, wasome tarehe ya mwisho na kuitamka kwa Kiswahili, wapakie faili la majaribio pale chuo kilipotoa nafasi ya kujaribia, watafute maneno yanayoeleza hali ya kazi, wabofye kitufe cha kuwasilisha, kisha wayasome tena maneno yale yale ili waone yalivyobadilika. Kama chuo hakikutoa nafasi ya kujaribia, wasiwasilishe kazi ya kweli kwa mazoezi, kwani kazi ikishawasilishwa mara nyingi haibadilishiki tena. Watumie mchoro.

Hitimisho na tathmini (dakika 20): Kila mwanafunzi apige picha ya ukurasa wake na kuihifadhi kama stakabadhi. Mwishowe amweleze mwenzake hatua zote bila kutazama simu. Asiyeweza kueleza bado hajajua, hata kama amefanikiwa kubofya.

Mmoja wa vijana wale wanne alikuwa binti yule aliyepata sifuri. Nilipouliza nani atueleze tofauti ya bahasha iliyo mezani na iliyo bokisini, yeye ndiye aliyesimama. Hakusema kwamba lilimpata yeye, wala mimi sikumtaja. Alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kumfanyia mwanafunzi kazi. Mwalimu anayeingia kwa niaba ya kijana na kumjibia maswali, hata kwa huruma, anamfunza utegemezi na udanganyifu kwa pamoja. Kosa la pili ni kudhani kwamba kijana anayejua kutumia simu kwa picha na soga anajua pia kujifunzia. Vidole vyepesi si ufahamu. Kosa la tatu ni kufundisha mambo mengi kwa siku moja. Dakika 80 kwa jambo moja zina faida kuliko siku nzima ya mambo kumi. Kosa la nne ni kujidai kujua kila kitu. Mwalimu asipojua kitufe fulani, aseme, "Hiki sijakiona, tukisome pamoja." Mwanafunzi atakayemwona mwalimu wake akijifunza bila aibu, naye ataiacha aibu yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba mfumo wa kujifunzia mtandaoni ni shule kama shule nyingine, yenye lango, madarasa na meza ya kazi. Kwamba taifa letu limewahi kuwafundisha watu wa mbali kwa mafanikio pale lilipounganisha chombo na kikundi na kiongozi. Na kwamba mwanafunzi mpya hukwamishwa zaidi na mambo madogo yasiyoelezwa kuliko na ugumu wa masomo. Mambo madogo hayo yapo ndani ya uwezo wa mwalimu wa shule ya msingi.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, utakapopangiwa kituo chako, iwe Ndalambo au kwingineko, siku moja mzazi atabisha hodi akiwa na kijana wake na barua ya chuo mkononi. Mkaribishe. Toa karatasi, chora lango, na umwachie kijana ashike simu yake mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kupakia kazi na kuiwasilisha. Buni zana nyingine, isiyokuwa bahasha, ya kuifundishia tofauti hiyo.

2. Mwisho wa kazi umeandikwa Jumatano, 00:00. Ni usiku upi? Utamwelezaje mwanafunzi?

3. "Simu ibaki mkononi mwake." Jadili jinsi kanuni hii inavyohusiana na ufundishaji wa kuandika katika darasa la kwanza.

4. Katika shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha, ni nani angeweza kuwa kiongozi wa kikundi cha kujifunza mtandaoni? Eleza sababu zako.